Ua Likigusa Bati

Nilipokuwa mtoto niliamini, kwa imani ambayo sikuwahi kuipeleka hata kanisani, kwamba ua la kutambaa likipanda ukuta mpaka likagusa bati, lori linakuja kuwahamisha wenye nyumba. Sisemi huenda likaja. Linakuja. Linapakia kitanda, masufuria, kuku na watoto, linageuza pale kwenye kona, na watu hao Babati hawaonekani tena.

Msimalize kicheko mapema, maana mengi yako mbele. Kwanza, aliyenipa habari hiyo hakuwa mtu wa kubishiwa. Alikuwa Restituta, binti wa jirani, mwanafunzi wa darasa la sita, na mimi nilikuwa la pili. Mnakumbuka wenyewe enzi zile, mtu wa darasa la sita alikuwa ameshayamaliza mambo ya dunia. Restituta alijua ni kiboko gani mkubwa wa wenzake kule ziwani na anaitwa nani. Alijua Mlima Kwaraa una mlango, na ufunguo wake unatunzwa wapi. Mtu wa namna hiyo akikwambia ua linaita lori, wewe ni nani useme haliiti?

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mke wangu. Juzi Jumamosi aliteremka kwenye bodaboda mbele ya nyumba tunayomalizia kujenga kule Maisaka, mkono mmoja ameshika mche wa haibiskasi, mkono mwingine mche wa bogonvilia, akaiweka chini yote miwili ikiwa ndani ya vifuko vyake vyeusi, akajishika kiuno.

"Baba Neema, nafasi ni moja tu, pale chini ya dirisha la sebule. Chagua. Ua la kusimama au la kutambaa?"

Kwa mtu wa kawaida hilo ni swali la kujibu huku unapiga mswaki. Mimi, kabla sijafungua mdomo, niliinua macho nikatazama bati. Halafu nikatazama barabarani.

"Unamtafuta nani huko?"

"Hakuna mtu," nikasema. Lakini harufu ya ule udongo wa kwenye vifuko, udongo mweusi wa samadi uliotoka kumwagiwa maji, ilikuwa imeshanichukua mpaka Bagara, kwenye uwanja wa nyumba yetu, nikiwa na kaptula iliyotoboka makalio yote mawili kwa usawa, bila upendeleo.

Mtaa wetu ulikuwa na mstari wa nyumba za watumishi wa serikali, na yetu ilifuata mwishoni mwa mstari huo, imepakwa rangi ileile. Rangi ya krimu, bati la mgongo mkubwa, mlango wa kijani. Kwa macho yangu zilikuwa nyumba za mama mmoja. Walikaa humo nesi, mwalimu mkuu, bwana shamba, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, afisa mifugo, baba yake Faustini. Faustini alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Aliweza kupiga mluzi kwa tundu moja la pua, kipaji ambacho sijakutana nacho tena, na nimeshafika mpaka Dodoma.

Kwa kina Faustini kulikuwa na bogonvilia. Ilianzia pembeni mwa mlango wao, ikapita juu ya dirisha, ikaizunguka nguzo ya baraza mara kadhaa kama inayopima nguo, mvua za mwaka ule zikaisukuma ikafika juu. Ikalala kwenye bati, zambarau tupu, ungedhani mtu ameanika kanga za harusi nzima. Watu walisimama njiani kuitazama. Mwezi haukuisha, lori likaja. Afisa mifugo amehamishwa, anakwenda mkoa ambao hata Restituta hakuujua uliko, na hilo peke yake lilinitisha.

Ndipo Restituta, akiwa ameegemea uzio wetu anatafuna muwa, alipotoa fundisho.

"Umeona, Deo? Ua limegusa bati."

"Limegusa ndiyo. Kwani vipi?"

"Nani alihama mwaka juzi?"

"Yule nesi wa zamani."

"Nyumba yake ina nini kwenye bati?"

Nikaangalia. Ina ua la kutambaa, manjano, limejaa mpaka kwenye kofia ya nyumba.

"Na mwalimu mkuu yule aliyekuwa anavaa suruali ya kaki?"

Nikaangalia. Ua jeupe, juu ya bati.

"Sasa nenda kamwangalie yule mama wa maandazi," Restituta akatema maganda. "Ana ua lolote? Hana. Amehama? Tangu dunia iumbwe yuko palepale, anakaanga."

Ushahidi ulikuwa wa pande zote mbili. Kuna kesi mahakamani zimehukumiwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Siku ya kuagana, lori likiwa limeshapakiwa, Mama Faustini alikata vijiti vitatu vinne vya ile bogonvilia, akamkabidhi mama yangu kwa mikono miwili.

"Shika, Mama Deo. Vichomeke kwenye udongo. Likichanua utanikumbuka."

Mama akalia. Mama Faustini akalia. Mimi nililia kuwazidi wote, nikagalagala, majirani wakasema mtoto huyu wa fundi ana moyo wa upendo. Ni kweli nilimlilia Faustini. Lakini nusu ya yale machozi, tena ile nusu yenye sauti, ilikuwa ya vijiti.

Maana mimi kuhama nilikuwa siwezi. Sikuwa na nafasi. Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda Sigino kwa Bibi, mama yake Baba, ambaye tangu Babu afariki alikaa peke yake na kuku wake na mbuzi wake. Nilimchotea maji, nilimwokotea kuni, na yeye alinipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu na kunisimulia watu waliokufa zamani kama vile wametoka hapo dakika hiyo. Nikishahamishwa kwenda huko mkoa usiojulikana, nani atamchotea Bibi maji? Nililifikiria jambo hilo mpaka tumbo likauma, na Mama akaninywesha dawa ya minyoo.

Vijiti vikachipua ndani ya kopo la rangi. Hapo ndipo vita vya nyumbani vilipoanza, kwa sababu Baba naye alikuwa na mche wake.

Baba alikuwa fundi bomba, na fundi bomba huitazama dunia yote kwa upande wa maji yanakopita. Siku moja alizibua bomba kwa masista, wakamshukuru kwa mche wa haibiskasi nyekundu. Akaja nao nyumbani ameubeba kama mtoto mchanga, akakuta Mama ameshaweka lile kopo la rangi palepale mbele ya nyumba. Na mbele ya nyumba nafasi ilikuwa moja. Upande huu banda la kuku, upande huu kamba ya kuanikia, pale bomba, hapa pipa la maji ya mvua.

"Mama Deo, ua la kutambaa ni adui wa gata," alisema Baba. "Majani yataanguka, gata itaziba, maji ya mvua hayatafika kwenye pipa. Panya watakuwa wamepata ngazi. Nyoka nao watakuwa wamepata ngazi ya kuwafuata panya."

"Na jua je, Baba Deo? Jua la saa tisa linaingia sebuleni mpaka picha yetu ya harusi imebaki bwana harusi peke yake."

Hilo lilikuwa kweli. Mama alivaa gauni jeupe, jua likamla mzima, akabaki Baba na suti yake nyeusi, ameshika mkono wa mtu asiyekuwepo.

"Tutahamisha picha."

"Tuhamishe picha kwa sababu ya gata?"

"Kichaka kina adabu," Baba akaendelea. "Unakiweka hapa, kinakaa hapa. Hakina habari za safari."

Maneno hayo yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Hakina habari za safari! Nikasimama katikati ya sebule. "Mimi niko upande wa Baba."

Wote wawili wakageuka. Mimi nilikuwa mtoto wa mama kiasi kwamba hata kupiga chafya nilimtazama yeye kwanza.

"Tangu lini?" akauliza Baba, kwa mashaka kabisa.

"Tangu leo. Nakipenda kichaka."

Mama alinitazama tu, ile ya kunitazama kwa jicho moja lililofungwa nusu, akarudi jikoni.

Waliposhindwa kukubaliana wakaamua tupige kura siku ya Pasaka, Bibi akiwepo, ili mtu asije akasema ameonewa. Bibi alikuja kutoka Sigino amemkokota mbuzi wa sikukuu. Alikuwa Mwiraqw wa zamani, Kiswahili alikizungumza taratibu na kwa nguvu, kila neno analiweka chini kama mzigo. Akaelezwa shauri lote, la kichaka, la kutambaa, la gata, la picha. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ua linaliwa?"

"Haliliwi, mama," Baba akajibu.

"Na hilo lingine?"

"Nalo haliliwi."

"Sasa mnagombania nini?"

Hata hivyo akakubali kupiga kura. Mama alileta bakuli, akalifunika kwa kitambaa. Punje ya hindi ni kichaka, punje ya harage ni ua la kutambaa. Kila mtu akaingiza mkono kwa siri. Kitambaa kilipofunuliwa tukakuta hindi, hindi, harage, na mbegu ya boga.

Tukamtazama Bibi.

"Pandeni boga," alisema. "Nalo linatambaa, nalo lina ua, na wote mtashiba."

Kura ya boga ikahesabiwa imeharibika, kichaka kikashinda. Sijawahi kushangilia hivyo tena, hata siku nilipopata cheti changu cha kidato cha nne cha masomo ya jioni, nikiwa mtu mzima mwenye mke. Baba akachimba shimo, akatia samadi, akapanda haibiskasi yake, akaimwagia maji, akarudi nyuma hatua chache kuitazama, akainama kuondoa jani lililokauka. Kisha tukaingia ndani kula pilau. Yule mbuzi alikuwa wa kuchinjwa jioni, amefungwa kwenye banda la kuku kwa kamba aliyoifunga Baba. Kwa bomba Baba alikuwa hodari. Kwa kamba hakuwahi kujisifu.

Tulipotoka nje tukamkuta mbuzi amesimama kwenye shimo, midomo myekundu, anatafuna kwa utulivu wa mtu aliyestaafu. Haibiskasi imebaki kisiki cha ukubwa wa kalamu. Alipotuona akamalizia kalamu.

Bibi akamtazama mbuzi, akatutazama sisi. "Kumbe linaliwa."

Mama hakucheka, nampa sifa zake, ingawa ilibidi aingie jikoni kidogo. Akatoka na kopo la rangi. Mbuzi akaisogelea bogonvilia, akainusa, akachomwa mwiba kwenye pua, akaomba msamaha. Saa ileile ikapandwa kwenye shimo la mwenzake, kwenye samadi ileile aliyoichanganya Baba kwa mikono yake. Na mimi nikasimama pale na pilau mdomoni, naliona lori.

Lakini mtoto wa fundi hakai akangoja bomba lipasuke. Kila asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja. Nikaongeza kazi ya pili, ambayo hakuna aliyenituma. Nilifagia mpaka chini ya dirisha, nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikashika ncha ya bogonvilia kwa kucha za vidole viwili, nikaikata. Kip! Usipande. Kesho yake likichungulia tena, kip! Nikaenda shule kwa amani.

Balaa ni kwamba nikikata kichwa kimoja vilitoka viwili. Nikikata viwili vilitoka vinne. Ikafika mahali nafagia dakika moja na kukata dakika thelathini, vidole vina miiba, mwalimu ananiuliza kama nyumbani kwetu tunafuga nungunungu. Miaka mingi baadaye, kwenye masomo ya jioni, tumekaa madawatini watu wazima na vitambi vyetu, mwalimu wa baiolojia akaeleza kwamba mmea ukikatwa ncha ya juu, machipukizi ya pembeni yanaamka, mmea unaacha kurefuka na kuanza kunenepa. Nilisimama nikapiga kelele, "Ndiyo maana!" Darasa zima likanigeukia. Mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Ikawa hivi: mwaka ukapita, na mwaka mwingine, na bogonvilia ya Mama Faustini, ambayo kwao iliparamia ukuta kama mwizi, kwetu ikawa kichaka. Mviringo safi, kimefika usawa wa dirisha, kimejaa, kimechanua zambarau mpaka majani hayaonekani. Watu wakaanza kusimama kwenye uzio wetu. Baba akawa anatoka nje na kikombe cha chai bila sababu.

"Mnakiona? Si nilisema kichaka? Udongo wangu una adabu. Kitu kikija hapa kinatambaa, kinajifunza kusimama."

"Mimi silielewi hili ua," Mama alikuwa akisema, anakizunguka. "Kwa mwenyewe lilikimbia."

Restituta, ambaye sasa alikuwa amemaliza la saba na elimu yake haikuwa na mpinzani mtaa mzima, alitoa maelezo kwamba ua linaomboleza, linawakumbuka wenyewe, limekata tamaa ya kupanda. Watu walimwamini. Mimi nilikaa kimya na vidole vyangu. Nilikuwa naizuia serikali nzima kwa kucha.

Halafu likizo ya mwezi wa sita ikafika, nikapelekwa Sigino kumsaidia Bibi kuvuna mahindi. Nilikwenda na furaha yote ya kwenda kwa Bibi, na hofu yote ya kuliacha ua peke yake. Kule Baba alikuja mara mbili kwa baiskeli, akakaa na Bibi kwenye kivuli cha nyumba, wanaongea Kiiraqw cha chinichini. Bibi anatikisa kichwa, Baba anaendelea, Bibi anatikisa tena lakini kidogo kuliko mwanzo. Mimi naokota masuke, nawaza, anamuaga.

Niliporudi Bagara sikusalimia mtu. Nilikimbia moja kwa moja mpaka kwenye dirisha. Kichaka kilikuwepo, lakini kutoka katikati yake lilikuwa limechomoka tawi moja, refu, jembamba, halina haya. Limeipita fremu ya dirisha, limeishika gata, na ncha yake changa imelala juu ya bati kama mtu aliyefika kwake baada ya safari ndefu. Mama alikuwa amelimwagia maji ya kuoshea mchele likizo nzima.

Nilijaribu kulifikia. Nilipanda juu ya pipa la maji ya mvua, nikajinyoosha, mfuniko ukageuka, nikaingia ndani ya pipa miguu juu. Mama alinichomoa kwa kaptula, ambayo siku hiyo ndiyo iliaga dunia rasmi.

Jioni ileile, nikiwa nimejifunika kanga ya Mama nakula ugali, nikawasikia.

"Lori nimepata," alisema Baba. "Jumamosi asubuhi."

"Na kitanda? Kitapita mlangoni?"

"Nitakifungua miguu."

"Mtoto tusimwambie kwanza," Mama akapunguza sauti. "Lisije likageuka tena, akaumia."

Nikalirudisha tonge kwenye sahani.

Kesho yake nikampelekea Restituta habari, maana mgonjwa humwendea daktari. Akaja, akatazama bati letu, akavua ndala zake kwa heshima.

"Ndiyo hiyo. Pole sana, Deo. Mlikuwa watu wazuri."

"Hakuna dawa?"

"Likishagusa, limegusa." Akafikiri. "Lile gari lako la waya unamwachia nani?"

Nikamwachia yeye. Gololi niligawa, manati nikagawa, chupa ya rangi ya bluu niliyookota ziwani nikamzawadia mtoto nisiyempenda, ili anikumbuke vibaya. Usiku wa Ijumaa sikulala, au nililala lakini kwa hasira. Na Jumamosi asubuhi, niliposikia mngurumo unapanda mtaa wetu, nilikuwa tayari. Baba alikuwa na msemo wake kila akimaliza kazi, "Bomba nililofunga mimi haling'oki, hata aje tembo." Katika uwanja wetu wote hapakuwa na kitu kingine chenye uhakika wa kubaki Babati. Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, nikajifunga kwenye bomba. Kiunoni, kifuani, miguuni. Mafundo nilifunga kwa akili zangu zote, na yalionyesha kuwa kwa mafundo mimi si mtoto wa Baba.

Mtaa ulikuwa umeshakusanyika kwenye uzio kutuaga, Restituta mbele na gari la waya mkononi. Lori likaingia kinyumenyume. Baba akatoka nje, akaniona. Mama akatoka, akaniona.

"Deo! Unafanya nini hapo?"

"Siendi!" nikalia. "Nendeni nyie! Mimi nabaki na Bibi!"

"Unabaki na nani?"

Mlango wa mbele wa lori ukafunguliwa. Akateremka Bibi, amevaa viatu vya kanisani, ana jogoo kwapani. Utingo akafungua bodi ya nyuma, na lori lilikuwa limeshajaa. Kitanda cha Bibi, jiwe la kusagia la Bibi, vibuyu vya Bibi, magunia ya mahindi niliyovuna kwa mikono yangu, na maboga, maboga ya kulisha wilaya. Lori halikuja kuchukua. Lilikuja kushusha.

Bibi akanitazama kuanzia kamba ya juu mpaka ya chini.

"Baba Deo, mtoto amekosa nini mpaka mmemfunga?"

"Mama, hatujamfunga sisi."

"Nani amemfunga?"

"Nimejifunga mwenyewe, Bibi," nikasema, kwa sababu ilikuwa kweli. Uzio mzima ukaanguka kwa kicheko. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Dereva alicheka akiwa bado ameshika usukani, honi ikawa inalia yenyewe. Restituta hakucheka. Aliliweka gari la waya chini ya uzio polepole, akaondoka zake, na nadhani ile ndiyo siku alipoanza kuwa mtu mzima.

Bibi alikaa nasi mpaka mwisho wa maisha yake. Alasiri nyingi alikaa chini ya lile ua, maana baada ya siku ile niliacha kulikata, na likatambaa likaifunika baraza yote. Gata iliziba kweli, Baba akapanda kuizibua kila msimu akinung'unika, na picha ya harusi ikapigwa upya, Mama akiwa na gauni la bluu. Na juzi pale Maisaka, mkitaka kujua, niliposhusha macho kutoka kwenye bati nilichukua jembe nikamwambia Mama Neema tuchimbie bogonvilia. Akauliza kwa nini. Nikamjibu kwa maneno ya Mama, yale aliyoniambia siku ya lori, mtaa mzima ukiwa bado unacheka, yeye amepiga magoti kwenye tope la bomba anahangaika na mafundo yangu.

"Nani alikwambia tunahama?" aliniuliza.

"Ua limegusa bati, Mama. Kwa kina Faustini liligusa, wakahama. Na kwa nesi. Na kwa mwalimu."

Akazitazama zile nyumba moja baada ya nyingine, bati kwa bati. Nikaona ameyaona niliyoyaona mimi. Halafu akaendelea na fundo.

"Sikiliza, Deo. Ua linachukua miaka mingi kufika juu. Na mtumishi wa serikali akikaa miaka mingi mahali pamoja, ofisi inamhamisha. Ndiyo maana vinafika pamoja. Ua halijafanya kitu. Baba yako hana ofisi, anajiajiri. Na hii nyumba si ya serikali, ni yetu, matofali yake tulifyatua mimi na yeye. Hakuna mtu wa kutuhamisha."